Siku saba ziwani: watoto watatu, mbao tatu

Siku ya kwanza

Tulifika jua limeshaanza kuteremka. Watoto walikuwa wamechoka kukaa garini, na mlango ulipofunguliwa tu wakatimua mbio kuelekea ukingoni. Niliwaacha wakimbie. Njiani nilikuwa nimewapa sharti moja na nikawakumbusha kwa sauti: maji yakigusa vidole vya miguu, simama, hakuna anayevuka hapo bila mimi au baba yenu. Wakasimama wote watatu, wamejipanga mstari, wanatazama maji.

Kifungua mimba ni msichana wa miaka 11, husikiliza kwanza kisha hutenda. Wa kati ni mvulana wa miaka 8, naye hutenda kwanza. Kitinda mimba ana miaka 5 tu. Huyo hutazama. Anaweza kutazama jambo siku nzima bila kuligusa, halafu jioni akakuambia kila kilichotokea.

Tumekuja kucheza mchezo wa kusimama juu ya ubao majini na kuusukuma kwa kafi. Tuna mbao mbili kubwa za kujaza upepo, kila mmoja una urefu wa karibu sm 320 na upana wa sm 81, pamoja na mmoja mdogo wa sm 245 ambao ni mwembamba zaidi. Ule mdogo tuliubishania sana nyumbani. Baba yao aliona ni gharama ya bure, watoto wakue na ule mkubwa. Lakini mtoto wa kilo 28 juu ya ubao wa mtu mzima hana nguvu juu yake. Akihamisha uzito ubao hauinami, akipiga kafi haugeuki, na ili kafi lifike majini inabidi ajikunje ubavuni hadi mgongo uume. Mkubwa unafaa kumbebea mtoto. Kumfundishia kupiga kafi, hapana.

Kazi ya jioni ikawa kujaza upepo. Wa kati alishika pampu akahesabu mpaka 100, sindano ya geji haijatikisika, akatangaza kwamba imeharibika. Haikuwa imeharibika. Geji hulala muda mrefu, mpaka hewa iliyomo ndani ianze kubanana, na hapo ndipo kazi inakuwa ngumu. Karibu na valvu ubao wetu umeandikwa psi 15 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), yaani takriban baa 1, na hapo ndipo tulipofika. Kwenye psi 8 ubao huonekana umejaa, ukiugonga unalia, lakini ukisimama juu yake unabonyea katikati na mtoto hatulii.

Tulipofika kiwango, wa kati akachomoa mpira wa pampu. Pini ya valvu ilikuwa imezama. Hewa yote ikatoka kwa kishindo kimoja, vumbi likaruka, na kitinda mimba akajificha nyuma ya mguu wangu. Nilimwonyesha kaka yake kwa kidole: pini ikijitokeza juu, valvu imefungwa, ikizama, iko wazi. Akaibonyeza na kuiachia mara nyingi, kisha akaanza kusukuma upya bila kuambiwa. Tangu hapo yeye ndiye msimamizi wa valvu.

Kabla ya kulala tulijaribu majaketi okozi. Kila mtoto alifunga vifungo vyote, nikashika mabega ya jaketi nikanyanyua. La kitinda mimba likapanda hadi masikioni. Lilikuwa limenunuliwa kwa kumwazia na mwaka ujao, nami ndiye niliyelichagua. Jaketi la mwaka ujao humchomoka mtoto leo. Bahati nzuri lilikuwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu, na tulipoukaza pamoja na mikanda ya ubavuni, likakaa mahali pake. Nikanyanyua tena, akanyanyuka nalo, miguu inaning'inia, anacheka.

Siku ya pili

Asubuhi maji yalikuwa shwari kabisa. Tuliingia hadi kiunoni mwangu, mahali penye mchanga, na huko ndiko mbao ziliposhushwa. Kina kifupi kinaonekana salama kwa mtoto, ila pezi lililo chini ya ubao likigusa mchanga, ubao husimama ghafla na aliye juu huendelea mbele. Na anayeanguka kwenye kina cha goti hupokewa na ardhi.

Tulianza na magoti. Piga magoti katikati, pale penye mpini wa kubebea, maana ndipo uzito unapolingana kati ya omo, yaani mbele ya ubao, na tezi, yaani nyuma yake. Kifungua mimba alikaa magotini dakika kumi hivi, akapiga kafi pande zote, kisha akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akanyanyuka. Magoti yalikuwa yanamtetemeka. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu, na hilo ndilo linalowaangusha wengi, kwani kichwa kikiinama mwili hukifuata. Nilimwambia atazame mti ulio ng'ambo. Akainua macho, na ule mtetemeko ukapungua.

Kamba ya mguuni kila mmoja alivaa, ile iliyojisokota ili isiburute majini. Mtu akianguka ubao haumkimbii, na ubao ndilo boya kubwa kuliko yote. Sheria yetu ni kwamba likitokea lolote, kaa na ubao wako. (Hii ni kamba ya ziwani. Kwenye mto unaokwenda kasi sitamfunga mtoto kamba kifundoni, maana ikinasa kwenye gogo hataweza kuifikia huku maji yanamsukuma. Huko hutumika mkanda wa kiunoni wenye kifundo cha kufyatua kwa mkono mmoja.)

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kitinda mimba hakutaka kupanda. Nilimbembeleza, nikamweka mbele yangu ameketi, nami nimepiga magoti nyuma yake. Akanigeukia: "Mama, tutaanguka?" Nikamjibu, "Hapana mwanangu, hutaanguka, mimi nipo."

Hatukwenda hata mbali. Wa kati alikuja akiogelea kwa furaha, akashika ukingo wa ubao wetu kwa mikono miwili ili apande. Ubao ukainama, sote wawili tukaenda. Nilimshika mara moja, jaketi nalo lilimrudisha juu haraka, hakukaa chini hata sekunde mbili. Lakini alikunywa maji, na alipomaliza kukohoa alinitazama usoni. Hakulia. Alisema tu, "Ulisema hatuanguki."

Mchana wote alikaa ufukweni na baba yake. Nilimwita mara mbili, akatikisa kichwa. Mara ya tatu sikumwita.

Usiku nililiwaza sana neno lile. Mchezo huu mtu huanguka. Waliobobea huanguka. Nilikuwa nimemwahidi kitu ambacho maji hayakunipa ruhusa ya kuahidi.

Siku ya tatu

Upepo. Ulikuwa unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, na pale ukingoni maji yalikuwa yamelala kama kioo, kwa sababu miti iliyo nyuma yetu ilikuwa inaukinga. Wa kati alikuwa ameshavaa jaketi. "Mama, angalia, shwari!" Nilichukua mpira wa watoto, ule mwepesi wa kujaza upepo, nikamwambia aage, nikausukuma majini. Ulikwenda polepole mita chache, ulipotoka kwenye kinga ya miti ukashika kasi, na kabla hatujamaliza kuzungumza ulikuwa doa jekundu. Hatukuufuata.

Upepo unaotoka nchi kavu ndio ninaouogopa kuliko mawimbi. Wimbi linamtisha mtoto naye anarudi nyuma. Upepo huu unamkaribisha, kwa kuwa anaanzia mahali patulivu na kila akienda mbele anaona anaweza. Anapogeuza ubao ndipo anajua. Mtu aliyesimama ni tanga, na mtoto ni tanga lenye injini ndogo. Ukikukuta uko huko, keti au lala kifudifudi, upepo ukose cha kushika, upige makafi ukielekea pwani.

Kwa hiyo tulibaki nchi kavu. Tulitoa mapezi, tukalaza mbao mchangani, wakafanya mazoezi ya kusimama na kushika kafi. Kafi lina mkono wa juu, na mkono huo unakaa kwenye kishikio cha ncha, si pembeni mwa fimbo. Kwa mtoto tunalikata urefu lipite kichwa chake kwa sm 15 hivi. Bapa lake limepinda kidogo, na upindo huo uelekee mbele, mbali na wewe. Karibu kila anayeanza hulishika kinyume, kwa sababu likigeuzwa linaonekana kama kijiko cha kuchotea maji, na akili inataka kuchota. Wa kati alibisha kwa dakika kadhaa. Niliacha abishe.

Jioni waliuliza nani aliyeanza jambo hili. Niliwaambia watu wamesimama juu ya vyombo na kusukuma kwa mti au kafi tangu zamani katika nchi nyingi, lakini mchezo wenyewe kama tunavyoucheza unatoka Hawaii. Pale kwenye ufuko wa Waikiki, katikati ya karne ya 20, walimu wa kuteleza mawimbini walikuwa wakisimama juu ya mbao zao na kafi mkononi, waweze kuwaona wanafunzi na mawimbi yanayokuja. Kisha ukafifia, hadi mabingwa wa mawimbi kama Laird Hamilton na Dave Kalama walipourudisha miaka ya mwanzoni mwa 2000. Kifungua mimba akafikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo walisimama ili waone wanafunzi wao." Ndiyo. Kitinda mimba, aliyekuwa amelala mapajani mwa baba yake nikidhani amesinzia, akauliza: "Na wao walianguka?"

Nikamwambia, "Walianguka sana."

Siku ya nne

Maji yametulia tena, upepo hakuna. Leo sikumwomba kitinda mimba chochote. Nilimwomba wa kati na dada yake wakae na baba yao upande wa pili, nami nikachukua ubao mkubwa hadi kina cha kifua changu, mbele ya macho yake, nikasimama juu yake. Nikaanguka makusudi. Nikatoka, nikapanda, nikaanguka tena. Mara ya tano au ya sita akasogea ukingoni.

"Hiyo mbaya," akasema. Nilikuwa nimeangukia juu ya ubao kidogo kwa ubavu.

"Nifanyeje?"

"Uende mbali na ubao."

Alikuwa sahihi. Ndivyo inavyofundishwa: ukihisi unakwenda, usiung'ang'anie ubao, ujitupe mbali nao, na uangukie mgongo au ubavu, umelala bapa kama jani, usizame sana. Usitangulize kichwa wala miguu, maana hujui chini kuna nini. Nilianguka kama alivyotaka, akanipa alama kwa vidole. Tukaendelea hivyo, yeye hakimu, mimi mwanafunzi, na kila alama aliyotoa alikuwa amesogea hatua moja zaidi, hadi maji yakamfika tumboni bila yeye kutambua. Au labda alitambua. Sikuthubutu kumuuliza.

Baadaye akataka kunisukuma. Nilikaa ukingoni mwa ubao, akaja akanisukuma kwa mikono miwili, nikaenda. Nikampa mikono: aje akae na yeye, nimshike, aanguke akiwa mikononi mwangu. Akakataa. Kisha akakubali, ila kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayehesabu. Alihesabu moja, mbili, tatu, akanyamaza. Akaanza upya. Nilisubiri. Mara ya nne ya kuhesabu alijirusha. Jaketi likampandisha, mikono yangu ilikuwa kifuani pake tayari, akapangusa uso akasema, "Tena."

Tulirudia nisiweze kuhesabu. Mwisho nilikuwa simshiki, nimesimama karibu tu, umbali wa mkono. Hapo ndipo ninapokaa wakati wote, jaketi au si jaketi. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana pumzi ya kupiga kelele. Kuangalia ukiwa umekaa mita 20 na simu mkononi si kuangalia.

Kupanda tena ndilo somo lililofuata, na nawaomba wazazi walipe uzito uleule wa kusimama. Kosa la mtoto ni kuning'inia ukingoni miguu ikiwa imezama chini ya ubao, halafu anavuta kwa mikono peke yake. Haiwezekani. Kwanza apige miguu hadi mwili wote uelee juu ya maji, kama anayeogelea, kisha ashike mpini wa katikati na kujivuta kifudifudi, tumbo lianze kufika. Kwa aliye mdogo sana ni rahisi zaidi akipandia tezini, ambako ubao huzama kidogo kumpokea. Kitinda mimba aliweza kwa njia hiyo. Alilala juu ya ubao shavu limegusa plastiki, anahema, amefumba macho kwa raha.

Upande wa pili, wa kati alikuwa amesimama siku nzima, maana watoto wako karibu na ubao, hawana urefu wa kuwayumbisha. Lakini ubao wake ulikuwa unakwenda kama nyoka. Alikuwa anavuta kafi mpaka nyuma kabisa ya miguu yake, na kila mvuto wa namna hiyo hugeuza omo. Nilimwonyesha: bapa lote liingie majini mbele, livutwe hadi usawa wa kifundo cha mguu, litoke. Mfupi. Ukitaka kugeuka, ndipo uchore nusu duara pana mbali na ubao.

Nilipoona midomo ya kitinda mimba imebadilika rangi tulitoka wote. Alipinga kweli kweli. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa ya kiwango kilekile cha joto, na mwili mdogo hupoa upesi. Ukisubiri aanze kutetemeka umeshachelewa, na kesho hatataka kurudi.

Siku ya tano

Ngurumo tangu asubuhi. Sheria tunayoifuata ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ilipokaribia 30 ikanguruma tena. Kifungua mimba alikuwa ameshika saa. Hatukuingia majini. Mtu aliyesimama katikati ya ziwa na kafi mkononi ndiye aliye juu kuliko vyote vilivyopo hapo.

Siku ya sita

Leo ndiyo tuliyoiita safari yenyewe: kufuata ukingo hadi rasi ndogo na kurudi. Kwa mtu mzima ni matembezi ya dakika chache. Kwa watoto ilikuwa safari ya kuvuka bahari, na tuliipangia hivyo. Upepo ulikuwa mwororo, unatoka upande wa rasi. Nikafurahi, kwa sababu huo ndio mpango mwema: nenda ukikabiliana na upepo wakati una nguvu, urudi ukisukumwa ukiwa umechoka. Filimbi ilikuwa shingoni mwa kila mmoja, maji ya kunywa yamefungwa kwenye wavu wa ubao, na mimi nina kamba ya kuvutia kiunoni.

Kifungua mimba alichukua ubao mdogo peke yake. Wa kati alisimama mbele ya baba yake, wakipiga kafi pamoja, na ilibidi aimbe ili waende sawa. Kitinda mimba alilala kifudifudi omoni kwangu, kidevu kwenye ukingo, mikono imezama majini hadi viwikoni. Hakuomba kukaa wala kusimama. Nilitaka kumwambia ajaribu, maana maji yalikuwa mazuri mno, na nikajizuia.

Kutoka pale alipolala alikuwa anaona nisichokiona. Alinitajia kila kitu kwa sauti ndogo: nyasi zinazolala upande mmoja, samaki wadogo waliokuwa wakitembea ndani ya kivuli chetu, jiwe lenye umbo la kiatu. Kafi langu lilipotoka majini, matone yalidondoka yakachora vijiduara, naye alikuwa anaviviringisha kwa kidole kabla havijafika mbali. Nilipunguza mwendo. Tukawa wa mwisho, na sikuona haja ya kuwa wa kwanza.

Kwenye rasi tulipumzika, tukanywa maji, nikapaka tena mafuta ya kinga ya jua, nyuma ya masikio na juu ya nyayo ambako watu husahau. Mbao tuliziweka kivulini. Ubao uliojaa upepo ukiachwa juani nje ya maji, hewa ya ndani hutanuka na mishono huumia.

Kurudi, kifungua mimba alichoka nusu ya njia. Hakusema, ila makafi yake yalikuwa mafupi na alikuwa anabadili upande kila mara. Nilisogea nikamuuliza kama anataka kamba. Akasita, maana mdogo wake alikuwa anatazama. Nikamwambia kamba hii hata mimi nimeshavutwa nayo, na ni kweli. Nikaunga pete ya omo lake na tezi yangu, akaketi, akanyoosha miguu, tukaenda hivyo hadi pumzi yake iliporudi na akaomba kufunguliwa mwenyewe.

Tulipokaribia ufuko wetu, kitinda mimba alijigeuza akaketi, akanitazama.

"Mama, hapa kina kinatosha?"

Nilichovya kafi nikakipima. Nikaangalia chini kama kuna mawe. "Kinatosha."

"Basi tuanguke."

Nilipiga filimbi wengine wasimame. Alihesabu yeye, mara moja tu.

Siku ya saba

Tunaondoka. Mbao zimeoshwa na kukaushwa kwa taulo, mapezi yametolewa. Wa kati alifungua valvu moja baada ya nyingine, safari hii akiwa ametuonya sote tuzibe masikio. Ubao wa mwisho ulikuwa ule mkubwa wangu, na kitinda mimba alikuwa amelala juu yake kifudifudi, amekataa kushuka. Kaka yake akaniangalia, nikamwambia aifungue. Hewa ikaanza kutoka. Ubao ulilainika chini yake kidogo kidogo, kingo zikajikunja zikamkumbatia, akashuka nao hadi tumbo lake likagusa mchanga, amefumba macho, mikono bado imenyooshwa mbele kama yuko omoni.